Mzigo Wenye Joto

Mimi ni fundi wa majokofu, na nianze kwa kusema kwamba mambo ya ovyo siyaamini. Jokofu likigoma kuna sababu. Waya umekatika, gesi imeisha, au mwenye nyumba amelisukumia ukutani mpaka limekosa hewa. Miaka yote hii sijawahi kufungua jokofu nikakuta jini limejibanza nyuma ya mashine. Kwa hiyo yaliyompata dada yangu nayaeleza kama nilivyoyaona, na atakayesema nimechanganyikiwa aseme tu. Nilishajiambia hivyo kabla yake.

Siku tuliyomtoa shemeji hospitalini ilikuwa siku njema. Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na pasi kali, ambaye hata kulala analala na shati lililonyooka. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mzima wa kushoto, na moyo wake nao ulikuwa umedhoofika. Daktari aliona akizidi kukaa wodini ataokota maradhi ya wengine, akamruhusu aende nyumbani kwa sharti moja tu, avae bangili.

Sisi ndio tuliiita bangili. Ni kifaa kidogo cha mpira mweusi, na upande unaogusa ngozi kina taa ya kijani. Kinasoma mapigo ya moyo, kinahesabu hatua, kinajua umelala au uko macho, na habari zote kinazipeleka hospitalini chenyewe. Huko kuna muuguzi anayekaa mbele ya kompyuta akiwaangalia wagonjwa walioko majumbani kwao. Akiona jambo halimpendezi, anapiga simu. Namba iliyoandikwa ilikuwa yangu, maana simu ya dada ilikuwa na tabia ya kuzima ikijisikia. Muuguzi yule tulimjua kwa sauti tu, tukamwita Sista wa Simu.

Bangili ilifungwa mkono wa kushoto, ule uliopooza, ili wa kulia ubaki huru kwa kula. Shemeji aliitazama akasema sasa tumemvika kengele kama mbuzi. Dada akamjibu kwamba afadhali mbuzi, hachagui chakula. Tulicheka ndani ya teksi mpaka dereva naye akacheka, na nilimwona dada akimfuta mumewe mate pembeni ya mdomo huku bado anacheka.

Nyumba yao ni ya vyumba viwili na sebule. Watoto wao walishaoa na kuolewa, kila mmoja na njia yake, kwa hiyo walibaki wawili na ile cherehani iliyofunikwa shuka. Siku za mwanzo Sista wa Simu alipiga kwa mambo madogo. Mgonjwa amekunywa dawa? Bangili imekaza sana? Nilimzoea, nikawa namtania kwamba akistaafu ahamie kwenye majokofu yangu, nayo yanataka mtu wa kuyaangalia.

Halafu akapiga siku moja mchana, mimi nikiwa kwenye bucha, kichwa kimo ndani ya friza. Aliuliza mgonjwa tumempeleka wapi. Nikamwambia mgonjwa yuko kitandani, ataenda wapi na mguu haunyanyuki? Akasema kompyuta yake inaonyesha kwamba tangu amalize chakula cha mchana ametembea bila kupumzika. Nikampigia dada kupitia simu ya jirani. Dada akasema mumewe amelala fofofo, tena anakoroma.

Hospitali haikupuuza. Walimtuma fundi wao akabadilisha kifaa, akafunga kipya kabisa kutoka kwenye boksi. Nilimuuliza kinahesabu vipi hatua. Akanieleza kwamba kinafuata kuyumba kwa mkono, mkono usipoyumba hakuna hatua. Kisha akautazama ule mkono wa shemeji uliolala juu ya shuka tangu kiharusi, akafunga begi lake, akaaga.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, shemeji akatembea tena.

Nilikwenda kujionea mwenyewe. Jua lilikuwa linawaka, bati linalia kwa joto, dada yuko nje anaosha vyombo. Shemeji alikula vizuri, akanitania kwamba nimenenepa kwa kula nyama za wateja, kisha maneno yakamwishia katikati akalala. Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa polepole chini ya mpira. Nikaanza kusinzia na mimi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Sista, tena ananong'ona.

"Kaka, ameanza."

"Niko naye hapa. Hajasogea."

"Moyo wake ni wa mtu anayepandisha mlima na mzigo," alisema. "Mwamshe. Tafadhali, mwamshe."

Nikatazama. Mkono ulikuwa umetulia. Taa ilikuwa inapepesa upesi, upesi mno. Jasho lilikuwa linamtoka shemeji kwenye paji la uso na kuingia masikioni. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Na mabega yake yalikuwa yamezama kwenye godoro. Yalizama kuliko uzito wake, naye ni mtu mwembamba.

Nilimwita. Nilimtikisa. Mwisho nikapenyeza mkono chini ya mgongo wake nimgeuze. Pale chini palikuwa na joto, na halikuwa joto la jasho lake. Kulikuwa na kitu. Na nilipokigusa, kikajisogeza, kama mtoto anavyojiweka sawa mgongoni kwa mama yake.

Nilitoa mkono nikasimama ukutani. Dada aliingia na mikono yenye povu, akanitazama, akamtazama mumewe, na sikuhitaji kumweleza. Alikuwa amekwisha kukigusa kabla yangu, akaona haya kusema.

Shemeji alizinduka jua lilipogeuka. Alikunywa jagi zima la maji bila kushusha pumzi. Nikamuuliza huwa anaota nini.

Akasema kwamba alipokuwa wodini, kitanda cha dirishani alilala mzee mmoja aliyekaa ameinama siku zote. Hata akilala alilala ameinama. Wauguzi walimbadilishia bangili mara kwa mara wakisema zinasoma vibaya. Mchana mmoja yule mzee alimgeukia akamwambia, "Mwanangu, nipokee." Mikono ya mzee ilikuwa mitupu. Lakini wote tunajua tulivyolelewa. Mtu amekuja na mzigo, unamwambia nikupokee. Akikuambia nipokee, huulizi ndani mna nini, unanyoosha mikono. Shemeji alidhani mzee anataka kushikiwa mto au kikombe, akajibu kwa adabu kama mtu yeyote mwenye wazazi, haya, lete.

Mzee alilia kwa furaha. Kisha akanyooka. Kesho yake alitoka wodini kwa miguu yake, kifua mbele kama askari wa gwaride, na hakugeuka kuaga.

"Siuoni mzigo wenyewe," shemeji alisema. "Uko mgongoni. Njia inapanda tu, haishuki. Una joto, na nikisimama kupumzika unapumua."

Dada alikaa kitandani akamshika mguu. Nikataka kusema neno la kutia moyo, maana ndiyo kazi ya mwanaume anapokosa la kufanya, lakini lililokuja mdomoni ni kuuliza kama niwashe feni. Nikawasha feni.

Sista wa Simu alipiga asubuhi iliyofuata. Daktari alikuwa ameona zile namba, akasema moyo wa shemeji hauwezi kuendelea hivyo, utapasuka, arudishwe wodini mara moja. Nilifurahi. Nilijiambia huko kuna mashine, kuna oksijeni, kuna watu waliosoma. Shemeji alikataa. Tulidhani anaogopa hospitali, na dada akaanza kumbembeleza, mpaka akatuambia sababu yake, na aliisema polepole ili tusimlazimishe kuirudia. Wodini kuna watu wamelala pande zote, wengine vijana, na wote wana adabu. Yeye amechoka. Akirudi kule, atamwambia mtu nipokee. Anajijua. Atamwambia, na mtu huyo ataitikia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimwangalia dada siku ile, nikaona kwamba yeye hakuwahi kuisadiki methali hiyo.

Nilimwomba Sista atupe muda. Akasema daktari ametoa siku chache, namba zikitulia basi. Na zikatulia. Mchana uliofuata Sista alipiga akicheka, mgonjwa ametulia kama mtoto, hakuna hatua hata moja. Uliofuata vilevile. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, palepale kwa mteja, nikampunguzia yule mteja bei bila yeye kuomba. Wiki ile nililala usingizi wa haki.

Nilipokwenda kuwasalimia nilipeleka machungwa. Dada alikuwa jikoni anaosha sufuria kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameutuliza pajani, na kwenye kifundo cha huo wa kushoto taa ya kijani ilikuwa inapepesa.

Aliona nimeiona. Hakujitetea sana. Alisema kila ukikaribia mchana anamvua mumewe bangili anaivaa yeye, anautuliza mkono, mchana ukipita anamrudishia. Hospitali inaona moyo mzima, inatuacha. Nikaenda chumbani. Shemeji alikuwa kitandani, midomo imegeuka rangi, macho nusu wazi, mabega yamezama. Alikuwa anatembea. Siku zote zile nilizoshukuru alikuwa anatembea, ila hakukuwa na mtu wa kumwona.

Nilimgombeza dada yangu kama hajanibeba utotoni. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba ile bangili ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo mumewe, naye ameiziba. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akasema najua. Akasema kesho hatamvua tena, na mimi nije asubuhi na teksi tumpeleke hospitalini, liwalo na liwe. Akanimenyea chungwa. Nilikula nikaondoka.

Asubuhi teksi ilichelewa kupatikana, na nilipokuwa bado natafuta, mchana ukafika. Simu ikaita.

"Ni leo tena," Sista alisema. "Kaka, ni mbaya kuliko siku zote."

Nilikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Nilikwenda moja kwa moja chumbani nikitegemea kukuta maiti. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, ameketi mwenyewe, bila mto wa kumwegemeza. Uso umetakata. Midomo imerudiwa na rangi yake. Alikuwa analia kimya kimya, machozi yanaingia kwenye ukosi wa shati.

"Dada yako aliinama sikioni akasema nikupokee," aliniambia. "Sikutaka kujibu. Wallahi sikutaka. Nilisikia tu ulimi unasema haya."

Dada alikuwa jikoni. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, sahani imo mkononi. Amelala. Bangili bado imo kifundoni mwake. Taa haikuwa inapepesa tena, ilikuwa imekuwa mstari mmoja wa kijani kwa kasi yake. Nilipomwinua nilisikia uzito wa watu wawili.

Tulifika hospitalini nikaeleza kila kitu, hata lile la bangili kuvaliwa na asiye mgonjwa. Sista wa Simu alitoka chumba chake kuja kuniona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na alinishika mkono badala ya kunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Daktari wa moyo alimpima dada kwa kila alichonacho. Alisema hajaona mshipa ulioziba wala tundu. Moyo ni mzima, ila umechoka, umechoka kama wa mtu asiyepumzishwa maisha yake yote. Wakamfunga bangili nyingine yenye jina lake. Wakamlaza.

Dada aliomba chumba cha peke yake, na kwa huruma ya Sista akapata kile kidogo cha mwisho wa korido. Baada ya hapo aliacha kuzungumza. Huyu ni dada yangu aliyekuwa hafungi mdomo hata akitafuna, aliyekuwa anazungumza na sufuria. Aliogopa lile neno lisimponyoke. Wauguzi wakiingia alitazama ukutani. Mchana ukikaribia alijaza taulo mdomoni mwenyewe, akaling'ata, na Sista alisimama mlangoni ili mtu asiingie.

Nilimtafuta yule mzee wa dirishani. Mhudumu wa wodi alinielekeza mtaa anakoishi, nikamkuta anapaka rangi geti lake, amenyooka kabisa. Nilimwamkia. Hakuitikia mpaka aliponizunguka akanitazama mgongoni. Kisha akaitikia, lakini hakunikaribisha ndani.

Nilimwambia dada yangu anakufa. Aliendelea kupaka rangi. Akasema alipoupokea yeye, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, ulikuwa mwepesi kama tenga la majani. Kila bega unalopita unaongezeka. Hajui ulianzia wapi na hakuna aliyemweleza. Nikamuuliza mtu akifa nao bila kumpa mwingine, inakuwaje? Mkono wenye brashi ukasimama. Akasema hilo hajalisikia. Wote huwa wanasema nipokee, mwishowe wote wanasema. Nilitaka kumkamata nimrudishe nao kwa nguvu, nikaona kwamba sijui mtu anaukamata wapi. Aliingia ndani akafunga, na nilisikia akiweka komeo la juu na la chini.

Basi nikarudi kwa dada. Niliingia kile chumba kabla ya mchana, nikapiga magoti. Nilimwambia anipe mimi. Mabega yangu yamezoea, nimebeba majokofu kwenye ngazi tangu ujana. Nilimwambia nimeshasema haya, lete, hata kabla hajaomba, abakishe tu kusema neno lake. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nilikuwa naogopa, lakini nilisema.

Alitoa taulo mdomoni. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Wewe una watoto wadogo," alisema.

Nikamwambia watoto wana mama yao. Akatikisa kichwa. Akanivuta karibu, karibu kabisa, kama tulivyokuwa tukiambiana siri.

"Si kibaya, mdogo wangu. Kinaogopa."

"Kinaogopa nini?"

"Kuachwa."

Akarudisha taulo. Akageukia ukuta. Macho yakafumba.

Sista aliingia akasimama upande wa pili wa kitanda. Ukutani kulikuwa na skrini ndogo iliyokuwa inapokea kutoka kwenye bangili. Namba ilianza kupanda. Nilimshika dada mkono, na mkono ulikuwa umetulia. Namba ikapanda. Daktari akaitwa, akaja, akachoma sindano. Ikapanda. Wakamwekea hewa. Ikapanda. Mabega yalizama kwenye godoro, halafu yakazama zaidi. Mimi maisha yangu yote nimepata riziki kwa kuvirudisha vitu vilivyozimika, na nilisimama pale na mikono yangu miwili sina pa kuiweka. Sista alikuwa anasema pole, pole mama, pole na safari, hajui kama anaongea. Daktari, kijana bado, alikuwa anajaza sindano nyingine.

Namba ikasimama. Haikushuka kwanza. Ilisimama pale juu, kisha ikawa hakuna kitu.

Hakuwahi kusema lile neno. Taulo ilibidi walikate kwa mkasi.

Wanawake waliomwosha walimtuma shangazi yetu aniite. Shangazi hakuniruhusu kuingia, alinieleza mlangoni kwa sauti ya chini. Mabegani dada alikuwa na mifereji miwili, ngozi imekauka ngumu kama ya mtu aliyebeba tangu utoto. Na chini ya shingo kwa mbele kulikuwa na alama za vidole. Vilikuwa vidogo, kumi, vimeshikilia. Shangazi aliniuliza nani alikuwa anabebwa. Nikamwambia sijui, na huo ulikuwa ukweli.

Tulimzika. Watu walisema mengi mazuri na yote yalikuwa kweli. Shemeji aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na palepale kaburini akasimama kwa mguu wake uliokuwa umekufa, akasimama bila kushikwa, na nilimwona anauchukia ule mguu. Nilirudisha bangili hospitalini. Sista wa Simu aliipokea kwa mikono yote miwili, na baadaye nilisikia ameomba kazi nyingine.

Nilihamia kwa shemeji kwa muda ili asibaki peke yake. Mke wangu ndiye aliyesema niende. Sikutaka kulala kwenye vitu vya marehemu, kwa hiyo nilinunua godoro jipya, nikalileta likiwa bado ndani ya nailoni yake, limefungwa na gundi ya kiwandani pande zote. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Nililitandaza kwenye kitanda cha chumba cha pili, nikaenda kula na shemeji. Alikula kidogo. Tulizungumza habari za cherehani, kwamba ataanza tena na vitu vyepesi, kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Nikarudi chumbani na kisu nikate nailoni.

Godoro lilikuwa limebonyea.

Dada yangu na mimi tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote. Alilala ubavu wa kulia, magoti yamepandishwa mpaka kifuani, mkono wa kushoto ameupeleka nyuma ya mgongo, kwa sababu mimi niliogopa giza na nilitaka kuushika. Hakuna anayeweza kunifundisha umbo hilo. Lilikuwepo pale, kwenye godoro ambalo hakuna mtu aliyelilalia. Ubavu, magoti, kiwiko cha ule mkono wa nyuma. Na nyuma yake, pale nilipokuwa nikilala mimi, kulikuwa na shimo dogo la kitu kilichojikunja, kimejibana mgongoni kwake.

Shemeji alinifuata na fimbo yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akauliza kwa kunong'ona kama mke wake amelala.

Niliweka kiganja juu ya nailoni. Ilikuwa na joto. Gundi haikuwa imeguswa popote, na kwa ndani nailoni ilikuwa inaota ukungu mahali pawili, mkubwa na mdogo, unakuja na kupotea. Ule mdogo ulikuja polepole, kwa raha, kama wa aliyesinzia. Ule mkubwa, ulio mbele ya uso wa dada yangu, ulikuwa unakuja haraka haraka, bila kupumzika, pumzi za mtu ambaye bado anapanda.